Nauli ya Mzigo Nayo Ina Ushuru

Blenda kubwa imeandikwa Sh. 200,000 kwenye simu. Ikifika bandarini inaweza kudaiwa kodi ya Sh. 142,500. Itaje hesabu hiyo kijiweni Sola, wilayani Maswa mkoani Simiyu, na hutakawia kuambiwa kwamba hapo katikati kuna mtu amekula. Mara nyingine ni kweli, amekula. Lakini hesabu yenyewe inaweza kuwa safi, ya kisheria kutoka tarakimu ya kwanza hadi ya mwisho, na kosa likawa la yule aliyeona bei ya kwenye kioo cha simu akadhani ndiyo bei ya mzigo.

Simiyu ni mkoa wa pamba na ng'ombe, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga. Una wilaya tano, na upande wa Busega unagusa Ziwa Victoria. Bahari iko mbali. Miaka ishirini iliyopita mtu wa Sola aliyetaka kitu cha China alikinunua kwa mwenye duka, naye mwenye duka alikuwa amekifuata Mwanza au Shinyanga kwa mtu aliyekitoa Kariakoo. Ushuru ulikuwa umeshalipwa na yule wa kwanza kabisa, ukajificha ndani ya bei, kila mtu akaulipa bila kuuona. Simu imewapunguza watu wa kati, na imeondoa pazia pia. Sasa mwalimu, fundi cherehani au mkulima aliyeuza pamba yake anaagiza mwenyewe, na kwa lugha ya sheria yeye ndiye mwingizaji wa bidhaa nchini. Cheo hicho huja na bili.

Bili hiyo haikutungwa Dar es Salaam peke yake. Tanzania, Kenya na Uganda zilitia saini itifaki ya umoja wa forodha wa Afrika Mashariki Machi 2004, ukaanza kazi Januari 2005, na wanachama waliojiunga baadaye wakaingia humo humo. Zina sheria moja ya usimamizi wa forodha na jedwali moja la viwango kwa bidhaa zinazotoka nje ya jumuiya. Anayekusanya kwa upande wetu ni Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA.

Sasa turudi kwenye blenda. Tuseme imekuja kwa meli. Bei ya muuzaji ni Sh. 200,000, nauli ya kuifikisha bandarini ni Sh. 90,000, bima Sh. 10,000. Forodha haitazami ile 200,000 peke yake. Inajumlisha vyote vitatu, ikapata Sh. 300,000, na jumla hiyo ndiyo mawakala huiita CIF: gharama, bima na nauli. Kama bidhaa iko kwenye kundi la ushuru wa asilimia 25, ushuru wa forodha ni Sh. 75,000. Kisha inakuja Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18 kwa bidhaa kama hiyo (Zanzibar wana sheria yao, na kiwango chao ni 15). Hapa ndipo wengi wanapoteleza. VAT haihesabiwi kwenye 200,000, wala kwenye 300,000. Inahesabiwa kwenye 375,000, yaani mzigo pamoja na ushuru wake. Kodi inatozwa juu ya kodi. Asilimia 18 ya hapo ni Sh. 67,500. Jumlisha na ushuru: Sh. 142,500.

Na hapo tozo ndogo ndogo hazijaguswa. Kuna ada ya kushughulikia nyaraka za forodha, asilimia 0.6 ya bei ya mzigo kabla ya nauli na bima. Kuna tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanza kwa asilimia 1.5 ya CIF. Kwa mtu wa Maswa tozo hii ya pili angalau ina sura: kipande cha reli ya kisasa cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ambacho jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021, kinapita Malampaka, ndani ya wilaya yao. Anayeagiza viatu ng'ambo amechangia.

Sheria hiyo hiyo ya Afrika Mashariki ina kipengele ambacho wanunuzi wachache wanakifahamu. Mzigo ukija kwa ndege, nauli haiongezwi kwenye thamani inayotozwa ushuru wa forodha. Blenda ile ingehesabiwa ushuru kwenye Sh. 210,000, ukawa Sh. 52,500 badala ya 75,000. Kabla hujaruka kwa furaha, kumbuka kwamba ndege hutoza kwa kilo, na blenda kubwa ni nzito. Unachokiokoa forodhani unaweza kukiacha chote mezani kwa msafirishaji. Kipengele hicho kinamfaa mwenye vitu vidogo vya bei kubwa: kamera, kipuri cha mashine, saa.

Kwa nini asilimia 25, na si 5 au 60? Jedwali la pamoja lilipoanza lilikuwa na ngazi tatu: sifuri kwa malighafi na mitambo, 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne, asilimia 35, kwa vitu ambavyo nchi wanachama zinaamini zinaweza kujitengenezea: fanicha, bidhaa za ngozi, mafuta ya kula, vigae, nguo. Nje ya ngazi hizo kuna bidhaa nyeti zenye viwango vya peke yake, kama sukari na mchele. Nguo za mitumba hutozwa asilimia 35 au senti 40 za dola kwa kilo, kinachozidi ndicho kinacholipwa.

Neno "nguo" katika orodha hiyo linapaswa kumsimamisha msomaji wa Simiyu. Mkoa huu ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa pamba nchini, na pamba hiyo kwa sehemu kubwa huondoka ikiwa nyuzi zilizochambuliwa, haijawa kitambaa. Inasokotwa, inafumwa na kushonwa mbali, kisha shati linarudi na kukutana na ukuta wa asilimia 35. Ukuta huo umejengwa kwa jina la viwanda vya nguo ambavyo mkulima wa Maswa bado anavisubiri. Huko huko Maswa kuna mfano wenye matumaini zaidi: vijana walianzisha utengenezaji wa chaki za shuleni, na chaki zao zinapaswa kushindana na zinazotoka nje. Kwa mtengeneza chaki, ushuru wa forodha ni kinga. Mwalimu aliyeagiza viatu kwa simu anauona ni kero. Wote wawili wanaweza kuwa wanaishi mtaa mmoja.

Lakini kitu ambacho Watanzania wa kawaida wamekiagiza ng'ambo kwa muda mrefu kuliko blenda na viatu ni gari la Japani. Hapo hesabu hupanda ghorofa. TRA haichukui tu bei uliyoandikiwa na muuzaji. Ina kanzidata yake ya thamani za magari yaliyotumika, na kikokotoo ambacho mtu yeyote anaweza kukifungua mtandaoni akachagua aina, mwaka na ukubwa wa injini. Tuseme kikokotoo kimelipa gari la injini ya cc 1,500 thamani ya CIF ya Sh. milioni 10, na gari lina zaidi ya miaka 10 tangu litengenezwe. Ushuru wa forodha, asilimia 25, ni milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini hiyo ni asilimia 5, lakini unahesabiwa kwenye milioni 12.5: Sh. 625,000. Kisha kuna ushuru wa uzee, asilimia 30 kwa gari lililovuka miaka 10, nao juu ya milioni 12.5: Sh. 3,750,000. VAT inakuja mwisho na kuwabeba wote waliotangulia, Sh. 3,037,500. Jumla, Sh. 9,912,500. Umenunua gari moja, umelipia karibu mawili, na bado hujalisajili.

Ndiyo maana madalali wa magari husema "angalia mwaka kwanza, rangi baadaye". Gari hilo hilo lingekuwa na miaka minane hadi kumi, ushuru wa uzee ungekuwa nusu. Kuna watu waliopata gari la bei ya kutupa Yokohama, wakalia Dar es Salaam.

Viwango hivi havikai vilivyo. Kila Juni bajeti husomwa Dodoma, na kila tarehe 1 Julai kitu fulani hubadilika. Simu janja ni ushahidi mzuri: katika mwaka wa fedha 2021/22 serikali iliziondolea VAT, pamoja na vishikwambi na modemu, ili watu wengi zaidi waingie kwenye intaneti. Mwaka uliofuata msamaha huo ukafutwa. Aliyeagiza simu Mei na aliyeagiza Agosti, kwa muuzaji yule yule, hawakulipa sawa, na kila mmoja alikuwa na haki ya kumshangaa mwenzake.

Wengi wa Simiyu hawakutani na jedwali hilo ana kwa ana. Wanapita kwa wakala wa mizigo, yule mwenye ghala Guangzhou na ofisi Kariakoo, anayekusanya vifurushi vya watu mia kwenye kontena moja na kutoza kwa kilo kama ni ndege, au kwa ujazo, CBM, kama ni meli. Bei yake moja inabeba nauli na kodi: "kila kitu kimo ndani." Ni huduma ya kweli na imewafungulia njia maelfu ya wafanyabiashara wadogo. Udhaifu wake ni kwamba mwenye kifurushi habaki na karatasi ya forodha yenye jina lake. Kontena likikamatwa kwa sababu mtu mmoja kati ya mia aliandika uongo, blenda ya Sola inakaa humo humo ikisubiri kesi isiyoihusu. Wakala mzuri anajulikana kwa risiti anayoitoa, na kwa kutokubali ombi ambalo huenda analisikia kila siku: "niandikie thamani ndogo." Kuandika dola 10 kwenye kitu cha dola 100 ni kosa la jinai chini ya sheria ya forodha ya jumuiya, na ofisa akiitilia shaka bei anaruhusiwa kuiweka kando na kutumia bei za bidhaa zinazofanana. Zama za intaneti zimempa yeye pia simu. Anaufungua ukurasa ule ule ulionunulia.

Wale waliohamia mbali zaidi wanakutana na forodha kutoka upande wa pili wa ukuta. Chukua mtoto wa Maswa anayesoma au kufanya kazi Ujerumani, ambako idara ya forodha inaitwa Zoll. Hadi katikati ya mwaka 2021, kifurushi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya chenye thamani isiyozidi euro 22 kilipita bila VAT. Tarehe 1 Julai 2021 mlango huo ulifungwa. Tangu hapo kila kitu kilichonunuliwa nje ya umoja huo kinalipiwa VAT ya Kijerumani tangu euro ya kwanza: asilimia 19, au 7 kwa vitabu na vyakula vingi. Ushuru wa forodha wenyewe umeanzia pale thamani ilipozidi euro 150. Vitenge vya euro 100 vyenye nauli ya euro 20 vinadaiwa euro 22 na senti 80, na msafirishaji huongeza ada yake kwa kuwa alikulipia mbele. Tangu Januari 2021 hata shangazi aliyeko London amekuwa "nje", kwa sababu ya Uingereza kujitoa.

Zawadi zina nafuu. Mtu binafsi akimtumia mtu binafsi, bila malipo, kitu kisichozidi euro 45, Zoll haidai. Lakini ndani ya nafuu hiyo kuna vijisheria vinavyowagusa hasa watu wa kwetu. Kahawa ya zawadi isizidi gramu 500, maana Ujerumani ina kodi yake ya kahawa, euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa, inayolipwa pembeni ya VAT. Kwa hiyo mama anayefunga kilo mbili za kahawa ya Bukoba kwa mapenzi amemfungia mwanawe na bili.

Chakula cha Usukumani kina hatima tofauti tofauti. Samli na nyama iliyokaushwa hazipiti kabisa. Bidhaa za nyama na maziwa za watu binafsi kutoka nchi kama yetu zimekatazwa kuingia Umoja wa Ulaya kwa hofu ya magonjwa ya mifugo, na kilo moja huchukuliwa kama kilo kumi. Asali inaruhusiwa hadi kilo mbili. Samaki, kwa matumizi ya mwenyewe, wanaruhusiwa hadi kilo 20. Kwa hiyo kati ya samli ya Meatu na dagaa wakavu wa ziwa, anayesafiri salama ni dagaa, ingawa abiria wa kiti cha jirani anaweza kuwa na maoni mengine.

Wajerumani na forodha yetu wana historia ndefu kuliko Zoll ya leo. Bandari za mwambao zilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, aliyetoza asilimia 5 kwa bidhaa zilizoingia. Kiwango hicho kimo kwenye mkataba wake na Marekani wa mwaka 1833. Aprili 1888 Sultani Khalifa alitia saini mkataba ulioipa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki haki ya kusimamia mwambao na kukusanya ushuru kwa jina lake. Agosti mwaka huo maofisa wa kampuni waliposhika ofisi zao Pangani na bandari nyingine, pwani ikawaka. Vita hivyo, vinavyoitwa vya Abushiri kwa jina la aliyeviongoza, vilikuwa na sababu nyingi, lakini swali la nani anakaa kwenye meza ya forodha lilikuwa katikati yake. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani ikamlipa Sultani mark milioni 4 na kuuchukua mwambao moja kwa moja. Zanzibar, mahali palipokuwa forodha bado panaitwa Forodhani, na siku hizi watu huenda pale jioni kula urojo.

Dunia nzima sasa inazifunga tundu ndogo ndogo zilizopitisha vifurushi. Mwaka 2024 viliingia Umoja wa Ulaya vifurushi bilioni 4.6 vya thamani isiyozidi euro 150, zaidi ya tisa kati ya kumi vikitoka China. Desemba 2025 mawaziri wa fedha wa umoja huo walikubaliana kutoza euro 3 kwa bidhaa katika vifurushi hivyo kuanzia Julai 2026. Marekani, iliyokuwa ikisamehe vifurushi hadi dola 800, ilifuta msamaha huo tarehe 29 Agosti 2025, na mashirika ya posta ya nchi kadhaa, la Ujerumani likiwemo, yakasitisha kwa muda kupokea sehemu ya vifurushi vya kwenda huko. Ile hesabu inayomshtua mtu wa Sola imeanza kumshtua na mtu wa Ohio.

Anayerudi nyumbani kutoka Ujerumani ana nafuu zake, na ni vizuri azijue kabla hajafunga masanduku. Sheria ya jumuiya inamruhusu mtu anayehamisha makazi kuingiza vyombo vyake vya nyumbani na gari moja bila ushuru wa forodha, mradi gari hilo lilikuwa lake na alilitumia huko kwa muda usiopungua miezi 12. Gari lililonunuliwa Hamburg wiki ya mwisho halimo. Kwa mwenye kuja likizo tu, kiwango kilichojulikana kwa miaka mingi kilikuwa bidhaa za dola 500. Wakenya walikumbushwa kiwango hicho na mamlaka yao ya mapato Novemba 2023, na kelele zilizofuata zilionyesha kwamba wengi walikuwa wamekipita kwa miaka bila kukisikia.

Kiza hiki cha kutojua ndicho shamba la matapeli. Ujumbe unakuja: kuna zawadi yako kutoka Ulaya, kompyuta na dola, imekwama forodha uwanja wa ndege, tuma Sh. 350,000 kwa namba hii itolewe leo. Namba ni ya simu ya mtu. Kodi ya forodha haitumwi kwenye simu ya mtu. Inalipwa serikalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile inayoitwa kontrolo namba mitaani, nayo huja baada ya mzigo kutangazwa na kukadiriwa, ukiwa na jina la bidhaa, thamani na kiwango. Mwenye mzigo wa kweli anaweza kuomba karatasi hizo na kuzipigia hesabu mwenyewe kwa kalamu, kama ile ya blenda.

Blenda yenyewe, ikishalipiwa, hupakiwa kwenye basi Dar es Salaam usiku, ikapita Dodoma, Singida na Shinyanga, ikashushwa stendi ya Maswa ikiwa imefungwa gunia na kuandikwa namba ya simu kwa kalamu nzito. Kutoka hapo ni bodaboda hadi Sola. Nauli ya basi na ya bodaboda mwenyewe analipa taslimu, na katika safari yote kutoka China, hizo ndizo nauli ambazo forodha haikuziingiza kwenye hesabu yake.